Kahawa ya Kwenye Kioo

Nilijipiga kofi la shavu mimi mwenyewe, kwa nguvu zangu zote, mbele ya ukoo mzima, kwa sababu ya senene ambaye hakuwa shavuni pangu. Nilipoona kofi hilo halijamwondoa, nikaongeza jingine shavu la pili, nalo likatoka zuri kuliko la kwanza.

Naanza na hilo kwa sababu watu wa kijijini kwetu Kibingo wanalisimulia vibaya. Wapo wanaosema nilikuwa nimeonja rubisi, ile pombe ya ndizi ya harusi, kabla haijaiva. Uongo mtupu. Nilikuwa kidato cha pili, tumefunga shule, nina akili zangu timamu, kama unazihesabu kuwa akili. Kosa lilikuwa la mjomba na mashine yake.

Mjomba huyu ni kaka wa mama, mfanyabiashara wa Murongo, pale mpakani. Anauza vitenge, sabuni, betri na chochote kinachovuka upande huu. Desemba ile alikuja kwetu juu ya pikapu, amekumbatia televisheni iliyofungwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Nyuma yake kulikuwa na jenereta, na shingoni kwake, ndani ya mfuko mweusi, kamera ya video. Alinunua vyote ng'ambo. Watu wa forodha walisemaje, hakutuambia, nasi hatukuwa na haraka ya kujua. Alitaka kuwa mtu wa kwanza kupiga video za harusi kutoka Murongo mpaka Kayanga, na harusi ya kufungulia biashara ilikuwa ya dada yangu, Jumamosi ya baada ya Krismasi, bure, zawadi ya mjomba. Alikuja mapema ili ajifunze mashine, maana alikiri kwa baba kwamba kati ya vitufe vyote vile alikuwa anavijua viwili: cha kuwasha na cha kuzima.

Akaweka televisheni juu ya meza ya sebuleni, kamera ikasimama pembeni yake kwenye miguu yake mitatu, na waya ukatoka kwenye kamera ukaingia kwenye televisheni. Kwa hiyo aliyekaa kwenye benchi mbele ya kamera alijiona kwenye kioo saa ileile, hai, anapumua. Sisi tulikuwa tumezoea picha zile za studio, unazozisubiri mwezi ndipo uletewe mtu aliyefumba macho. Baba alipojiona alivua kofia, akainamisha kichwa, akajitazama kwa kuibia, akaivaa tena. Ndipo alipouona upara ambao mama alikuwa akimpa habari zake.

Zamu yangu ya kukaa benchi ilifika jua likizama. Yalikuwa majira ya senene, wale panzi wa kuliwa, na wewe kama ni mtu wa kwetu unajua: ukiwasha taa tu, wanakuja. Mjomba alikuwa ametundika balbu mlangoni, na nusu ya watoto wa jirani walikuwa chini yake na ndoo. Senene mmoja akaingia ndani akatua juu ya kioo cha televisheni, palepale ilipokuwa picha ya uso wangu. Mimi macho yangu yako kwenye picha. Naona uso wangu, na shavuni kuna senene mkubwa kama kuku, ananyoosha miguu. Ndipo mkono ukaondoka wenyewe.

Nyumba ilicheka mpaka benchi likatikisika. Mjomba alikaa chini kabisa, sakafuni. Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, halafu nikamwona anaacha kucheka ghafla na kutazama dirishani, upande wa migomba ambako iko nyumba ya bibi.

Hapo lazima nieleze, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mtu aache kicheko kizuri katikati.

Bibi, mama yake baba, anakaa ndani ya kibanja chetu cha migomba katika nyumba yake ndogo. Nilipokuwa darasa la nne, mjomba alipita kwetu akiwahi lori la kwenda Murongo. Bibi akamtolea kahawa. Siyo ya kunywa, nasema kahawa yetu ya kutafuna, ndani ya kile kikapu kidogo chenye kifuniko tunachokiita akaibo, ambacho bibi hamtolei kila anayepita. Mjomba akapunga mkono, akasema amechelewa, lori linamwacha. Akaondoka mbio, bibi amebaki amenyoosha kikapu hewani, majirani wanatazama.

Kwetu unaweza kumkopa mtu usimlipe, na unaweza hata kumsengenya, mkasalimiana. Lakini kahawa ya mzee mkononi mwake huikatai. Unachukua punje moja, unatafuna, hata kama nyumba inaungua. Toka siku ile mjomba alikuwa akimwamkia bibi, ameinama, mikono miwili mbele, na bibi anatazama migomba kana kwamba aliyeamkiwa ni mgomba mmojawapo. Mjomba alileta sukari ikarudishwa, na kitenge alicholeta kikavishwa fimbo ya kufukuzia ndege. Sasa harusi imefika, na bibi alikuwa ametangaza kwamba mtu wa lori akiingia sebuleni siku hiyo, yeye atabaki kwake na jembe lake. Mama alikuwa hapo katikati. Kwa bibi alikuwa mkwe, kwa mjomba dada, na binti aliyekuwa anaolewa alikuwa wake. Alikuwa anapika, anapanga, anacheka na wageni, na ukimkuta peke yake jikoni alikuwa ameshika mwiko tu.

Basi. Mimi wakati huo sikuwa nawaza amani ya ukoo, nilikuwa nawaza senene.

Kesho yake nilimfuata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye kwao ni ng'ambo ya kijito. Nikamwonyesha nilichogundua: kitu kikiwa juu ya kioo, aliye mbele ya kamera anaweza kukifikia bila kukigusa. Tukakata duara kutoka jalada la daftari langu la hesabu, daftari ambalo ndani yake hapakuwa na kitu cha kusikitikia, tukalichomeka kwenye njiti ya fagio. Huo ndio ukawa mpira. Mmoja anasimama pembeni ya televisheni, anaurusha mpira mbele ya kioo kwa njiti. Mwingine anasimama mbele ya kamera, mikono mitupu, anajitazama kwenye kioo na kuudaka. Mkono wako wa kwenye picha ukikutana na mpira, mwenye njiti lazima aurudishe kama umepigwa kweli. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana rafiki yangu alikuwa mwizi wa mabao. Nilipiga kichwa kizuri cha kuingia wavuni, yeye akasema nywele tu ndizo zilizogusa.

Na kulikuwa na balaa jingine. Sisi sote macho yetu yamezoeshwa na kioo cha kunyolea. Kwenye kioo cha kunyolea ukinyoosha mkono upande wa mlango, picha nayo inanyoosha upande wa mlango. Mtu wa kwenye televisheni hafanyi hivyo. Yeye amekugeukia kama mtu unayeongea naye, kwa hiyo ukienda mlangoni yeye anaenda dirishani. Mpira unakuja upande huu, wewe unaruka upande huu kwa bidii, na mwenzako wa kwenye kioo anaruka ule mwingine kama amelipwa na timu pinzani. Sijaona magolikipa wabovu kama wale maishani mwangu. Mzee mmoja jirani aliyekuja kuleta ndizi za harusi alipewa zamu, akasimama kwa heshima zote, akaukosa mpira, akaukosa tena, akaanza kumfokea yule wa kwenye kioo kwa Kinyambo chetu kwamba ni mvivu. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na hachezi hata bao, alisema mchezo huo ni wa kipumbavu, akasema tena, halafu akauliza kama mtu anaweza kujaribu mara moja tu. Alipiga kichwa. Mpira haukuwepo, lakini fremu ya mlango ilikuwepo.

Dada ndiye alikuwa hodari kuliko sote. Anasuka nywele za wenzake akiwa amewakabili uso kwa uso, kwa hiyo kushoto na kulia vya mtu mwingine havimbabaishi. Alidaka kila kitu mpaka mama akamwambia bi harusi haruki-ruki.

Vicheko vile vilikuwa vinavuka migomba. Siku ya tatu bibi aliniita. Alikuwa anapepeta maharage, na aliniambia, bila kuniangalia, kwamba yeye haulizi, maana hayamhusu, lakini watu wanaocheka hivyo kila siku wamelishwa nini. Nikamweleza. Akasema hizo ni habari za watu wasio na maharage ya kupepeta. Kisha akauliza kama mtu wa lori naye anakuwepo muda wote.

Nikajua amenasa.

Mchana huo mjomba alichukua baiskeli kwenda madukani kutafuta petroli, maana jenereta ilibaki na tone la mwisho. Nilikuwa na hesabu yangu. Nilitaka kumwona bibi akiruka kushoto na kulia kama sisi wengine, nami nipate hadithi ya kupeleka shuleni. Lakini bibi hawezi kudaka mpira. Anahitaji kitu anachokijua. Kwa hiyo niliingia chumbani kwa dada, nikachukua rangi yake ya mdomo, ile nyekundu inayokaribia kahawia iliyonunuliwa kwa ajili ya harusi, nikachora juu ya kioo cha televisheni kikapu cha kahawa. Nilikichora vizuri, hata msuko wa ukili nikauonyesha, na kifuniko kimeegeshwa pembeni, na punje zinachungulia. Mwalimu wangu wa sanaa angelia. Nilimaliza karibu nusu ya ile rangi.

Nikaenda kumwambia bibi kwamba mtu wa lori hayupo, naye akaja amevaa kitenge chake cha kanisani, yeye aliyesema hayamhusu. Sebule ilikuwa na wanawake waliokuja kupanga mapishi, wakampisha benchi zima. Mama alinishika mkono akaninong'oneza kwamba nifanye haraka, kaka yake atarudi. Nikawasha.

Bibi akajiona. Akagusa paji la uso, akagusa kidevu. Akasema, taratibu kabisa, kwamba kumbe amefanana na dada yake mkubwa. Dada yake huyo alikwisha kufa zamani, sikumjua. Alimtazama kwa muda mrefu, na mimi kwa dakika ile nilisahau kuwa nilikuja kufanya ujinga.

Kisha akakiona kikapu. Kwenye picha kilikuwa kinaelea hewani karibu na bega lake. Akauliza kahawa ile ni ya nani. Nilikuwa nafungua mdomo nimkaribishe, ndipo mlango ukafunguka na mjomba akaingia na dumu la petroli, ameipata njiani, hata madukani hakufika.

Mjomba alimwona bibi, akaona amechelewa kurudi nyuma, akaweka dumu chini. Akafanya kile anachofanya siku zote: akasogea, akainama, akanyoosha mikono miwili mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakumtazama. Alikuwa anatazama televisheni. Na kwenye televisheni, nakuapia sikupanga hilo, mikono ya mjomba ilikuja ikatulia chini kabisa ya kile kikapu changu, kama imekibeba. Pale kwenye kioo, mbele ya wanawake wote wa harusi, mtu wa lori alikuwa ameinama mbele ya bibi anamkaribisha kahawa.

Niliona midomo ya bibi ikikaza, na nikaelewa anachokiwaza, maana sote pale tulikiwaza. Akiikataa kahawa ile mbele ya watu, atakuwa amefanya kilekile alichokifanya mjomba, na miaka yote ya kutazama migomba itakuwa ya bure. Alikaa hivyo kidogo, mikono mapajani. Halafu akainua yote miwili, akaipeleka kupokea.

Akaipeleka upande usio wenyewe, bila shaka. Kwenye kioo kikapu kiko huku, mikono yake ikaenda kule. Akaifuata kwa macho, akaguna, akaigeuza polepole, ikavuka mbele ya kifua chake, ikaenda mpaka upande wa mlango alikokuwa mjomba kweli. Haikukuta kikapu, ikakuta mikono ya mjomba, ikaifumbata.

Mjomba akadhani ameitikiwa. Mtu mzima yule, aliyebishana na forodha za nchi mbili, alipiga magoti sakafuni bila kuiachia mikono ya bibi, akasema ahsante mama, ahsante mama, mpaka wanawake wakaanza kupenga kamasi. Bibi alikuwa bado anapapasa. Alipapasa viganja, akapapasa vidole, akageuka mara ya kwanza kumtazama mwenyewe badala ya picha yake.

"Kahawa iko wapi?"

Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu nikiwa darasa la nne. Mjomba alitazama mikono yake mwenyewe kama aliyeibiwa. Hakujua habari ya kikapu wala ya kioo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Lakini ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara akiulizwa mali hasemi hana.

"Ipo, mama. Inakuja."

Mama alikuwa ameshatoka. Sijawahi kumwona mama akikimbia, na siku hiyo nilimwona kupitia dirishani, anakata kwenye migomba kuelekea nyumba ya bibi, viatu ameviacha mlangoni. Alirudi na kikapu chenyewe, kile cha siku ya lori, akampa kaka yake. Mjomba akakifungua, bado yuko magotini, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Bibi akachukua punje. Akatafuna kwa raha zake, sisi tunasubiri. Kisha akachukua nyingine kutoka kikapuni, akamtia mjomba mkononi, naye akaitafuna na ganda lake lote, hata hakutema.

"Marahaba," bibi akamwambia. "Leo lori halikukuacha?"

Sebule ilipasuka. Wanawake walipiga vigelegele kama harusi imeanza, baba akaja mbio kutoka bandani akidhani kuna aliyeungua, na dada akatoka chumbani akiuliza kwa sauti ya kilio nani amekula rangi yake ya mdomo.

Hapo ndipo bibi alipokigeukia kioo. Alisimama, akaenda karibu, akakigusa kikapu changu kwa kidole, kidole kikatoka chekundu. Akakinusa. Sebule nzima ikanitazama, na mimi nikatazama mlango, lakini mlangoni kulikuwa na dumu la petroli na baba. Bibi alisema mtoto huyu ana laana ndogo ndani yake, tena anajua ilikotoka, ni upande wa babu yangu. Mjomba, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alicheka hadi akashika ukuta. Bibi akamwambia asicheke sana, yeye ndiye aliyekutwa anagawa kahawa ya midomo.

Kisha akarudi benchi akadai ule mpira. Rafiki yangu akaurusha. Bibi aliukosa kila ulipokuja, akamlaumu mjomba kwa kusimama vibaya, akamwambia naye akae pale benchi wadake pamoja. Wakakaa. Wakawa wanapigana viwiko, kila mmoja anaruka upande usio wenyewe, mpaka jenereta ikakohoa ikazimika, na hakuna aliyetaka kuinuka kwenda kuitia petroli.

Jioni ilipoingia wageni wakatawanyika, mjomba akamsindikiza bibi kwao amembebea kikapu. Nilibaki sebuleni na kitambaa kibichi, nikisafishe kioo kabla hukumu haijaja. Televisheni ilikuwa imezima, kioo cheusi, na kikapu nilichochora kiko juu yake peke yake, kimefutika kidogo pale kidole cha bibi kilipopita. Mama akaingia. Akasimama nyuma yangu, nikangoja kofi ambalo safari hii lingetoka kwa mama mwenyewe. Halikuja. Akanyoosha mkono akanipokonya kitambaa.

"Maji ya harusi yote utachota wewe, kwa kumchezea bibi yako. Na hicho kikapu usikifute, sijamaliza kukiangalia."